King'ora Hakijalia

Radi ya kwanza ilipiga mara baada ya sala ya Adhuhuri, na Mzee Twalibu akatenda yale aliyofundishwa na mama yake tangu utotoni. Alikifunika kioo cha ukutani kwa kanga, akaitoa redio kwenye umeme, akavuka ua hadi kwenye chumba kidogo kilichoegemea mnara wa msikiti, na humo akachomoa plagi ya kompyuta pamoja na plagi ya kisanduku cha antena. Juu ya kompyuta akatandaza kitambaa cheupe cha kufuma, kama mtu amfunikavyo mtoto aliyelala, kisha akaketi kizingitini akisoma dua ya radi kwa sauti ya chini.

Hakuna mkazi wa Shirimatunda ambaye angemlaumu. Saa ile ile majirani zake, Waislamu kwa Walutheri, walikuwa wakizunguka majumbani mwao wakichomoa nyaya na kufunika vioo. Radi ya mlimani haina adabu. Katika masika yaliyotangulia ilipasua runinga ya mwalimu mkuu na kumuua ndama aliyekuwa amefungwa nyuma ya jiko, na tangu hapo hata vijana waliokuwa wakiwacheka wazee walianza kufunika vioo, wakidai kwamba wanawaridhisha bibi zao.

Lakini kompyuta ile haikuwa runinga. Kamati ya maafa ya kata ilipotafuta jengo refu la kufungia king'ora, haikuona lililoushinda mnara wa msikiti. King'ora kikafungwa juu, chini kidogo ya vipaza sauti vya adhana, na ulinzi wake akakabidhiwa Mzee Twalibu, muadhini. Walisema kwamba mtu anayezilinda nyakati tano za kila siku hatashindwa kuilinda mashine moja. Mbali kabisa juu ya mteremko, pale kihamba cha Mama Elisifa, shamba la migomba la ukoo wake, kinapokomea kwenye ukingo wa mto, kilisimikwa kipimo cha kina cha maji. Kipimo kilituma hesabu zake hewani, antena ya mnarani ikazipokea, na kadi ya mtandao iliyomo ndani ya kompyuta ikazifikisha kwenye skrini. Maji yakivuka alama nyekundu, kompyuta yenyewe hukiamuru king'ora kilie.

Waliokihitaji zaidi ya wote walikuwa wachimba mchanga. Hao hushuka ndani ya korongo la mto, mahali ambapo mtu haoni mlima wala wingu, huona tu kuta mbili za udongo na ukanda wa anga katikati. Mafuriko ya huku hayatangulizwi na mvua. Jua huweza kuwa linachoma na vumbi linatimka barabarani, kumbe maji yaliyonyesha juu ya msitu yako njiani, yakibeba magogo na mawe. Kwa hiyo wachimbaji hawakutazama anga. Walisikiliza. Maadamu king'ora kimekaa kimya, walichimba.

Na siku ile, miongoni mwao, alikuwemo Idrisa, mwana wa pekee wa Mzee Twalibu.

Radi ilipotulia, mzee alirudi chumbani, akakunja kitambaa, akachomeka plagi zote. Kompyuta iliamka kama ilivyoamka siku nyingine zote. Ikaonyesha picha yake ya bluu, ikafungua dirisha la hesabu, na pale zilipopaswa kuwa hesabu pakawa na mstari mmoja wa maneno mekundu uliosema kwamba hakuna muunganisho. Mzee aliizima, akahesabu tasbihi kidogo, akaiwasha tena. Mstari ule ule ukarudi.

Alitoka nje akatazama kaskazini. Shirimatunda yote ilikuwa juani; kuku walikuwa wakijichimbia vumbini. Lakini mlima haukuwapo. Kuanzia msituni kwenda juu palikuwa na wingu jeusi lililoketi kama kifuniko cha chungu.

Alimpigia simu Joyness, binti wa Kwa Sadala mwenye kibanda cha ufundi wa kompyuta kule Majengo. Ndiye aliyeifunga mashine ile kwa kamati.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, binti yangu. Mashine imepofuka."

"Imepofuka vipi? Haiwaki?"

"Inawaka. Ila haiuoni mto."

Upande wa pili ikasikika sauti ya kiti kikisukumwa. "Usiiguse tena. Nakuja."

Akingoja, mzee alimpigia Mama Elisifa. Simu iliita sana kabla ya kupokewa, na sauti ikaja ikikatikakatika.

"Twalibu, huku ni ukungu mtupu. Hata mgomba wa tatu siuoni."

"Na mto, mama? Mto ukoje?"

"Nausikia. Unanguruma hadi vikombe vinagongana kabatini. Lakini hata juzi ulinguruma, na ulikuwa upepo tu. Kushuka kuutazama siwezi, utelezi huu utanivunja nyonga. Ngoja nimwite…"

Simu ikakatika. Alipopiga tena akaambiwa kwamba namba hiyo haipatikani.

Akampigia Magreth, muuza chai wa ukingoni, ambaye wachimbaji humwachia simu zao zisilowe. Alimwomba awaite watoke. Akamsikia Magreth akiita kwa sauti kuu kuelekea bondeni, na kutoka mbali, kama kutoka kisimani, vicheko vikamrudia.

"Baba," alisema Magreth aliporudi simuni, "wanasema king'ora hakijalia."

"Idrisa yuko nao?"

"Yuko, na yeye ndiye anayesema. Anasema nikuombe radhi, lori limekwisha fika na wamebakiza nusu. Anasema mashine ndiyo inayojua, usiwatoe tena kwa ndoto."

Mzee alilielewa neno lile. Mwaka uliopita watu waliotoka sokoni Kwa Sadala walisimulia kwamba juu kunanyesha mvua isiyo na mfano. Mzee Twalibu, kwa hofu ya baba, alifungua kisanduku chekundu kilichopo ukutani na kubonyeza kitufe cha mkono. Wachimbaji walipanda wakikanyagana, mmoja akavunjika mguu, wakakaa ukingoni hadi jua likazama. Maji hayakuja. Siku chache baadaye mashine ililia kwa haki, nao wakapanda kwa kujikokota, wakichekana, na mwisho wao alifika juu huku maji yakimlamba visigino. Kamati ikakata shauri kwamba king'ora hakitapigwa kwa fununu. Hakitalia ila kwa hesabu iliyovuka alama.

Joyness aliwasili na bodaboda, akashuka kabla haijasimama sawasawa. Alikiona kitambaa cha kufuma kimekunjwa pembeni.

"Nani aliivalisha shela?" aliuliza akiketi, na hakungoja jibu.

Akafungua dirisha jeusi lisilo na picha, akaandika amri ya kuuliza ni vifaa gani vimo ndani ya kompyuta. Orodha ikashuka. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hii hapa. Kadi ipo, haijaungua."

"Alhamdulillahi."

"Usishukuru bado, mzee. Ipo, lakini haina draiva."

"Na draiva ni kitu gani?"

"Ni mkalimani." Vidole vyake havikusimama. "Kadi ina lugha yake. Mfumo nao una kiini chake, na kiini kina lugha yake. Draiva husimama katikati, akampelekea huyu maneno ya yule. Bila mkalimani, antena inasema na kadi inasikia, ila kiini hakielewi kwamba kuna mtu anayezungumza."

"Basi mkalimani amekwenda wapi?"

"Ndilo ninaloiuliza mashine."

Aliiita draiva kwa jina lake. Kompyuta ikamjibu kwamba haitambui kitu chenye jina hilo. Akaiita mara ya pili, akiandika herufi moja moja kama mtu anayemsomesha mtoto, na jibu likawa lile lile.

"Haiwezekani. Nilimweka kwa mikono yangu. Kiwanda kilichotengeneza kadi hii hakikuandika draiva ya Linux, mfumo unaoendesha mashine hii. Waliiandika watu wa kujitolea, sijui wako nchi gani, mimi nikaijenga humu humu kutoka kwenye maandishi yao. Ilifanya kazi tangu siku ile."

Akaandika amri nyingine, fupi, ya kuuliza toleo la kiini. Skrini ikampa jibu la mstari mmoja. Joyness akausoma, akaegemea kiti, mikono ikaanguka mapajani.

"Mzee, uliizima leo?"

"Radi ilipiga."

"Na siku nyingine?"

"Kila inapopiga. Nachomoa, nafunika, ikipita nachomeka. Haijapata kunigomea."

Binti aligeuka, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Mto hujaa wakati gani, mzee wangu?"

"Mvua kubwa ikinyesha mlimani."

"Na radi hupiga wakati gani?"

Mzee Twalibu alikiona kitambaa cheupe juu ya kiti. Zamani, katika chuo cha Majengo, mwalimu wake alikuwa akiwasomea wanafunzi mstari mmoja kila alipomkuta mtu amesinzia juu ya msahafu: *Mlinzi kifumba macho, mwizi hatapiga hodi.* Yeye alikuwa mlinzi wa aina nyingine tena, aliyeyafumba macho kila alipousikia mlango ukiguswa. Mara ngapi mto ulipita chini ya kitambaa kile, na ni rehema ya nani iliyouzuia usijae?

"Si wewe peke yako," alisema Joyness upesi, kana kwamba alikuwa amemsikia. "Mwezi uliopita nilikuja kusasisha mfumo. Kiini kipya kikaingia, kikakaa kikingoja siku ambayo mashine itazimwa na kuwashwa. Nilipaswa kuiwasha upya mimi, nione kama kadi itaamka. Nikasema nitarudi. Nilikuwa nawahi kipaimara cha mdogo wangu." Alifuta paji la uso. "Tangu hapo radi haikupiga; leo ulipochomeka, kimeamka kiini kipya. Na mkalimani wetu nilimjenga kwa lugha ya kile cha zamani."

"Basi mjenge upya."

"Nahitaji mafaili ya kiini hiki kipya, nayo hayamo humu. Yako kwenye mtandao."

Akaichomeka simu yake kwenye kompyuta kwa waya, ili aazime mtandao wa simu. Mstari mwembamba ulianza kujaa kutoka kushoto kwenda kulia. Ukasogea kidogo, ukasimama. Ukasogea tena, kiasi cha upana wa unywele. Mnara wa simu nao, bila shaka, ulikuwa umeguswa na ile radi. Walisimama wote wawili wakiutazama mstari kama watu wanaotazama mgonjwa akivuta pumzi.

Mzee alimpigia Magreth tena.

"Wako chini bado, baba. Huyo Idrisa wako anaimba."

"Maji yakoje?"

"Ni yale yale, ya kifundo cha mguu. Ila…" Magreth alisita. "Yamekuwa mekundu kidogo. Wekundu wa udongo. Nimewaambia, wakasema juu kuna watu wanaolima."

Mzee akageuka akakitazama kisanduku chekundu cha ukutani. Joyness aliyafuata macho yake.

"Kibonyeze, mzee."

"Na maji yasipokuja?"

"Watatukana."

"Watatukana, kisha watashuka tena. Na yakija baada ya hapo, nani atakayepanda? King'ora hiki kina neno moja tu mdomoni, binti yangu. Nililipoteza mara moja. Mwanangu mwenyewe hakuniamini leo kwa sababu ya siku ile. Miaka yote ya uadhini sijaita Magharibi jua likiwa juu, kwa sababu wako watu waliofunga wanaofungua kwa sauti yangu. Nikisema limezama, wanakula. Siwezi kusema nisilolijua."

"Basi tulijue," alisema Joyness. Lakini mstari ulikuwa umesimama kabisa.

Mzee alitoka uani. Akauweka mkono wake ukutani mwa mnara, kwenye saruji iliyopashwa joto na jua, na akaomba. Akaomba kwa maneno ya Kiarabu aliyoyahifadhi, kisha yalipomwishia akaomba kwa Kiswahili, kisha kwa Kichagga cha mama yake. Kule juu wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye migomba ya kwanza. Jirani mmoja alipita akiswaga mbuzi, akamsalimu, akasema leo jua ni kali.

Ndani, Joyness alijipiga kofi la paji la uso. Mzee alirejea mbio.

"Kile cha zamani hakijafutwa," alisema binti. Alikuwa amekwisha inama juu ya kibodi. "Mfumo huu hautupi kiini cha zamani unapoleta kipya. Hukiweka pembeni. Kipo humu, na mkalimani wake yumo pamoja nacho. Nahangaika kumjenga mtu ambaye yuko chumba cha pili."

"Unakiamsha vipi?"

"Naiwasha upya. Mwanzoni kabisa, kabla picha haijatokea, kuna menyu ya kuchagua. Imefichwa. Nikibonyeza kitufe kwa wakati wake itajitokeza."

Kompyuta ilizimika. Ilikuwa mashine ya mitumba, iliyofanya kazi katika ofisi tatu kabla ya kufika msikitini, na iliamka kama mzee aamkavyo kutoka kitandani, kiungo baada ya kiungo. Joyness alingoja, kidole hewani. Skrini ikawa nyeusi, ikawa na mng'ao, ikawa nyeusi. Akabonyeza. Picha ya bluu ikatokea.

"Nimechelewa," alisema. Hakuinua sauti. "Imeamka na kile kipya."

"Zima tena."

"Nikikata umeme ikiwa katikati ya kuamka inaweza kuharibika isiamke kabisa. Ngoja imalize."

Wakangoja. Feni ya ndani ikakoroma. Simu ya mzee iliita, jina la Mama Elisifa likatokea, na kabla hajaipokea ikanyamaza, na alipopiga, haikupatikana. Alihisi kwamba mwanamke yule alikuwa na neno moja la kumwambia na kwamba neno hilo sasa linateremka lenyewe.

Safari ya pili Joyness hakungoja. Tangu mashine ilipotoa mlio wa kwanza alikibonyeza kitufe na kukiachia, kukibonyeza na kukiachia, kama anayetwanga. Ghafla maandishi meupe yakatokea juu ya weusi, mistari michache tu. Akashuka kwa mshale hadi kwenye mstari wa chini, wenye namba ndogo kuliko wa juu, akagonga.

Mistari ikaporomoka. Mzee hakuielewa hata mmoja, lakini macho yake yalikuwa nyuma ya kompyuta, pale waya wa antena unapoingia. Palikuwa na taa ndogo ambayo siku nyingine hakuijali. Ilikuwa imezimika tangu adhuhuri.

Ikapepesa. Ikawa kijani.

"Mkalimani ameingia," alisema Joyness.

Mstari mwekundu wa maneno uliondoka. Dirisha likabaki tupu.

"Hesabu ziko wapi?"

"Kipimo hutuma kwa zamu yake. Hatuwezi kukiharakisha. Kitasema kitakapofika wakati wake wa kusema."

Palikuwa na inzi chumbani, na sauti yake ilijaa chumba kizima. Kisha hesabu moja ikadondoka katika dirisha, na Joyness akainama mbele hadi pua yake ikakaribia kugusa skrini. Juu ya hesabu hiyo ilikuwapo ile ya mwisho iliyopokelewa kabla ya plagi kuchomolewa. Mzee alizijua hesabu zile kwa kuzifasiri kwa mwili wa mtu. Ile ya zamani ilikuwa ya kifundo cha mguu. Hii mpya ilikuwa ya kifua. Alama nyekundu ilikuwa ya utosi.

King'ora hakikulia.

"Haijavuka," alisema Joyness polepole. "Bado. Mashine itakiliza king'ora hesabu inayofuata ikivuka."

"Na hesabu hiyo ikifika hapa, maji yenyewe yatakuwa yamefika wapi?"

Joyness aligeuka dirishani, upande wa korongo.

Sheria ya kamati ilikuwa wazi, na hesabu ilikuwa wazi: chini ya alama. Mzee Twalibu alisimama katikati ya chumba, na kwa muda mfupi ambao kwake ulikuwa mrefu, akaiona alfajiri. Katika msikiti ule adhana za alfajiri zilikuwa mbili, kama alivyofundishwa na waliomtangulia. Ya pili huadhiniwa alfajiri inapopasuka, na kwa adhana hiyo watu husali. Ya kwanza huadhiniwa usiku ungali usiku. Hakuna anayesali kwa adhana hiyo, wala anayefunga hajizuii kwayo kula. Huitwa ili aliyelala aamke, na aliyesimama katika ibada ajue kwamba muda unakwisha. Ameziadhini zote mbili tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na hakuna mtu aliyepata kumwambia kwamba katika ile ya kwanza alisema uongo.

Mara ile alikuwa amebonyeza kwa kusikia. Leo maji ya kifua yalikuwa mbele ya macho yake.

Alifungua kisanduku chekundu, akasema bismillahi, akabonyeza.

Sauti ilipanda kutoka mnarani, ikazunguka juu ya mabati, ikafukuza kunguru wote wa mtaa. Mbuzi wa jirani wakakata kamba. Mzee alikuwa amekwisha iweka simu sikioni.

"Wanapanda?" mzee aliuliza mara Magreth alipopokea.

"Wanapanda, baba. Wanatukana, lakini wanapanda. Damian huyo katoka. Huyu naye katoka." Alikuwa akihema kama anayepanda pamoja nao. "Dereva wa lori anarudi nyuma."

"Idrisa?"

"Alikuwa nyuma yao. Alikuwa nyuma ya Damian, nimemwona. Damian anasema amerudi kuchukua koleo."

"Mwite."

"Idrisa. Idrisa wee." Sauti ikaenda mbali na simu. Ndipo mzee akausikia mlio mwingine, chini ya sauti ya Magreth, kama lori zito linaloteremka kilima bila breki. Kukawa na makelele ya watu wengi, simu ikaanguka mahali penye mawe, na mwito ukakatika.

Kwenye dirisha la kompyuta hesabu ya pili ilidondoka, ikiwa nyekundu, juu sana ya alama. Mashine ikaamuru king'ora kilie, ikakuta kimekwisha lia.

Joyness alisimama. "Naenda."

"Nenda."

Bodaboda iliyokuwa ikimngoja langoni ikaondoka na vumbi lake. Mzee alipiga simu ya Magreth, ikaita bila kupokewa. Akaipiga tena. Kisha akatazama saa ya ukutani, akatazama kivuli cha mnara uani, na vyote viwili vikamwambia jambo moja. Wakati wa Alasiri ulikuwa umeingia.

Alitia udhu kwenye bomba la uani, maji yakimtiririka kwenye viwiko, na kila mara masikio yake yalikuwa mtoni. Akasimama mbele ya kipaza sauti, akaweka mikono masikioni, akaadhini. Waliomsikia siku ile walisema baadaye kwamba sauti ilikuwa ile ile, ila mahali pa kuitwa watu kwenye kufaulu ilisimama kidogo, kama mtu aliyejikwaa, kisha ikaendelea hadi mwisho.

Aliposhusha mikono, aliiona bodaboda langoni. Juu yake walikuwa watatu, kinyume cha sheria ya barabara: dereva, Joyness, na katikati yao kijana aliyepakwa matope mekundu toka kiunoni hadi vidoleni, bila viatu.

Idrisa alishuka akasimama mbele ya baba yake. Meno yalikuwa yakimgongana, ingawa jua lilikuwa kali.

"Koleo limekwenda, baba."

"Liende."

"Damian alinishika shati. Shati nalo lilikuwa karibu kwenda." Akajaribu kucheka, kicheko kikakataa. "Wanasema mashine leo imelia kabla ya maji kufika. Siku zote huja nayo pamoja. Wanauliza ni nani aliyeifundisha."

Mzee Twalibu alimshika mwanawe kichwa kwa mikono miwili, kama alivyomshika siku alipozaliwa ili amwadhinie sikioni, akakiacha.

"Ukaoge," alisema. "Jamaa wanakungoja kwenye safu."

Baada ya sala Joyness alirudi kwenye kiti chake. Mtandao wa simu ulikuwa umerejea, na sasa kadi ikiwa hai alikuwa akimjenga mkalimani wa kiini kipya, safari hii kwa namna ambayo, alieleza, kila kiini kitakachokuja kitajijengea wa kwake. Alisema pia kwamba ataiandikia kamati juu ya ile alama nyekundu, kwani inapaswa kushuka hadi kifuani.

Wakati huo radi ikapiga tena, mbali, upande wa juu. Chai waliyoandaliwa ilitikisika vikombeni.

Mzee Twalibu aliinuka. Alivuka ua, akakifunika kioo cha nyumbani kwake, akachomoa redio, akarudi chumbani na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye plagi ya kompyuta. Ukafika. Joyness aliacha kuandika.

"Yaweza kuungua," alisema mzee.

"Yaweza. Hofu yako si ya kipuuzi, mzee wangu, radi inaua mashine. Kesho nitaleta kizuia radi na waya wa ardhini, tutavifunga mnarani. Leo hatuna."

Radi ikapiga, karibu zaidi. Vidole vya mzee vilikuwa juu ya plagi, na jasho lilikuwa likimtoka shingoni. Aliitazama taa ya kijani ikipepesa nyuma ya kompyuta, ikipokea kutoka kwenye ukungu wa juu hesabu ambazo hakuna jicho lingeweza kuziona.

Akauondoa mkono. Akavuta kiti, akaketi mbele ya skrini akiwa na tasbihi, na kitambaa cheupe cha kufuma akakikunja mara nne, akakikalia.